Maandalizi ya Ziara ya Kuchora Ramani ya Miamba: Kutoka Tanga hadi Taru

Katika vyuo vingi vya ualimu ziara ya mafunzo huhesabiwa kuwa ni pumziko la darasa. Basi hukodiwa, chakula hufungashwa, nyimbo huimbwa njia nzima, na mwishowe kila mwalimu mwanafunzi hurejea na jiwe mfukoni asilolijua jina. Katika makala haya twakusudia kueleza maandalizi ya ziara ya namna nyingine, yaani ziara ya siku tano ya kuchora ramani ya miamba, itokayo Tanga, ikavuka mpaka pale Horohoro na Lunga Lunga, ikafika Mombasa na kupanda bara hadi Taru nchini Kenya. Twashikilia kwamba sehemu kubwa ya ziara hiyo hufanyika chuoni kabla ya basi kuwasili. Asiyeweza kuchora ramani ya uwanja wa chuo chake hataona kitu ng'ambo ya mpaka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuvuke mpaka ilhali miamba tunayo nyumbani. Mpaka huu una asili yake katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na miamba haikuwa na habari nayo. Mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni, kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, ni ya enzi ya Jurasiki. Mawe ya chokaa ya Kambe, kaskazini-magharibi ya Mombasa, nayo ni ya enzi hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyeyashika ya kwanza kwa mkono wake atayatambua ya pili kama atambuavyo ndugu wa rafiki yake.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tuipende njia hii. Matabaka ya nyuma ya Mombasa kwa jumla yameinama kidogo kuelekea baharini. Kwa hiyo mtu anayeiacha bahari na kushika barabara ya Nairobi hukanyaga miamba iliyozidi kuwa ya kale kila aendapo. Ufukweni ataona mwamba wa matumbawe ambao juu yake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Huko Changamwe na Miritini ataona udongo wa bahari ya Jurasiki ulioganda ukawa jiwe la kumeguka. Mazeras kuna mawe ya mchanga yenye vipande vya magogo yaliyogeuka jiwe, kisha Mariakani mawe ya mchanga laini zaidi, kisha Maji ya Chumvi, kisha Taru penye mchanga wa chembe kubwa. Akiendelea kuelekea Voi atafika kwenye miamba geu iliyo chini ya yote. Safari isiyofika kilomita 100 yampitisha katika mamia ya mamilioni ya miaka. Tutahadhari, hata hivyo: mahali pengine miamba imekatwa na kuteleza, na mpangilio huu huvurugika. Wanafunzi waambiwe hivyo mapema, wasije wakailazimisha ramani ifuate kitabu.

Mazoezi ya nyumbani

Zoezi la kwanza ni hatua. Kila mwanafunzi apimiwe mita 100 kwa kamba, azitembee mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ahesabu hatua na kutafuta wastani. Mwenye hatua 125 ajue kwamba kila hatua yake ni sentimita 80. Tarakimu hiyo aiandike ndani ya jalada la daftari lake. Kisha achore uwanja wa chuo kwa dira na hatua peke yake: bweni, kisima, mwembe, na kila mahali ambapo jiwe limetokeza juu ya ardhi. Ashikapo dira asimame mbali na basi, na nyundo aiweke chini hatua kadhaa, maana chuma huipotosha sindano. Ramani ya safari itakuwa ya skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Ni vema aizoee skeli hiyo kwenye meza ya darasa kuliko kandokando ya barabara yenye malori.

Zoezi la pili ni mwinamo wa tabaka, nalo ndilo linalowasumbua wengi. Chombo chake chatengenezwa kwa kipimapembe, uzi na kitu kizito kidogo, kama timazi ya mwashi. Ukingo ulionyooka ukiwa sawasawa, uzi hupita kwenye nyuzi 90. Ukiulaza ukingo juu ya ubao ulioinamishwa, uzi huhama. Ukipita kwenye 80, mwinamo ni nyuzi 10. Lakini upande gani? Mimina maji kidogo juu ya ubao. Njia yaifuatayo maji ndiyo uelekeo wa mwinamo, na mstari unaoikata njia hiyo kwa pembe mraba ndio mlalo wa tabaka. Tumependelea maji kuliko maelezo marefu kwa sababu mtoto wa Darasa la Nne huyaelewa papo hapo, na mwalimu huyu baadaye atafundisha shule isiyo na chombo chochote cha duka.

La tatu ni utambuzi wa jiwe la chokaa. Wataalamu hutumia tindikali; sisi twatosheka na siki kali au maji ya ndimu. Kwangua jiwe kwanza upate unga, ndipo utone. Unga wa chokaa hutoa povu dogo, wa mchanga mtupu hautoi.

La nne ni mstari, na hapa twaomba wakufunzi wakae zaidi. Mpaka wa miamba miwili ulioonekana kwa macho huchorwa kwa mstari mzima. Mpaka uliokisiwa, kwa kuwa umefunikwa na shamba au nyumba, huchorwa kwa mstari wa vipande vipande. Wanafunzi wetu, waliozoea kupewa alama kwa jibu kamili, hupenda kuchora mstari mzima kila mahali. Basi katika mazoezi ramani yenye mistari ya vipande penye shaka ipewe alama nyingi kuliko ile nadhifu isiyo na shaka hata moja. Mkufunzi amwulize mwenye mstari mzima: "Hapa ulisimama wapi?" Asipoweza kuonyesha, mstari ukatwe.

Bahari na wenyeji

Ratiba ya pwani haipangwi kwa saa ya ukutani peke yake. Mwamba wa matumbawe waonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, na kupwa kukubwa huja wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kiasi cha saa nne asubuhi. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Wanafunzi wa Tanga waliokulia kwa wavuvi walijua hili kabla ya sisi kuwafundisha, na yafaa wao ndio waitengeneze ratiba ya siku hiyo.

Ruhusa ziombwe kwa barua mapema: kwa shule au chuo kitakachotupokea, kwa wenye machimbo, na kwa wazee. Baadhi ya misitu ya kaya za Wamijikenda imeota juu ya mawe ya chokaa ya Kambe, na misitu hiyo mitakatifu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Haingiwi kwa kuwa jiwe zuri limeonekana kutoka barabarani. Wazee wakikataa, mahali hapo pabaki peupe kwenye ramani. Vilevile visukuku vichorwe na kuachwa vilipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi hairuhusu kuvitoa nchini bila kibali. Kipande cha gogo la Mazeras katika kabati ya chuo ni aibu kwa chuo.

Hati za kusafiria, cheti cha chanjo, fedha za kubadilisha na dawa za malaria vikaguliwe majuma mawili kabla, vyote kwa siku moja. Wanafunzi wagawanywe wannewanne: mwenye dira, mwenye hatua, mwenye daftari, na mmoja ambaye kazi yake ni kutazama magari na kuta za machimbo zinazoweza kuporomoka. Kazi hizi zizungushwe kila siku. Maandishi yawe kwa penseli, kwani wino huyeyuka mvua inyeshapo.

Juma moja kabla ya safari kundi zima lipelekwe Amboni kutwa nzima, bila msaada wa mkufunzi, lichore kile linachokiona nje ya mapango. Jioni kila mmoja aandike andalio la somo la dakika 40 kwa watoto wa shule iliyo jirani na chuo, akitumia ramani yake ya uwanja na chombo chake cha uzi. Somo hilo lifundishwe kwelikweli, kabla ya kupanda basi.