Aspirini kwa Mwenye Pumu na Vinyama vya Puani

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Kalamba, Makueni. Nina pumu, na vinyama vimeniota puani. Kila nimezapo aspirini kifua hunibana. Je, pana uhusiano?

JIBU: Naam, ndugu msomaji, uhusiano upo, tena wa hatari, kwani mambo haya matatu yakutanapo katika mwili mmoja huwa ni maradhi mamoja, ambayo tabibu Mfaransa Fernand Widal aliyabainisha mwaka 1922. Aspirini, kama ibuprofeni na diklofenaki, huzuia kimeng'enya kimoja mwilini, na kwa mwenye maradhi haya mwili hufurika kemikali zinazobana njia za pumzi, aghalabu kati ya dakika 30 na saa 3. Basi jihadhari na vidonge vya maumivu vya dukani, ambavyo baadhi vimechanganywa na aspirini ilhali jina lake halimo usoni mwa pakiti. Kukata vinyama pekee hakutoshi, maana huota tena. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Wote, umweleze daktari hali zote tatu kwa pamoja, akuchagulie dawa ya maumivu iliyo salama. Wala usithubutu, nakusihi, kujijaribu kwa aspirini nyumbani.