MPUNGA MWITU: ADUI SHAMBANI, AKIBA BONDENI

Somo la Kilimo

Mkulima wa mpunga ana maadui wengi. Mmoja wao anafanana sana na mpunga wenyewe. Ni mpunga mwitu, ambao wengine wanauita mpunga pori. Unaota wenyewe mabondeni, kando ya mito na kwenye madimbwi. Tunaupalilia, nao unaota tena! Katika somo hili tutajifunza kwa nini tuung'oe shambani, lakini tusiumalize wote bondeni.

1. Tuutambue

Mpunga mwitu unaweza kumpita mtu kimo. Punje zake ni nyembamba, zina ndevu ndefu, na zinapukutika kabla hujazivuna. Chini ya ardhi una mashina yanayotambaa. Ukikata jembe moja ukaacha kipande, kipande hicho kinachipua. Wataalamu wanauita Oryza longistaminata. Unaota sehemu nyingi za Afrika, na hapa Tanzania upo.

Mpunga tunaolima asili yake ni Asia. Kwa hiyo huu wa bondeni si mama yake, tuseme ni binamu. Mtama na ulezi pia wana ndugu zao wa mwituni hapa Afrika Mashariki.

2. Una faida gani?

Mtu atauliza: majani yasiyojaza hata kibaba, ya nini? Tuangalie mambo yaliyokwisha kutokea.

Miaka ya 1970 ugonjwa wa virusi uliudumaza mpunga katika nchi za Asia, kama Ufilipino, Indonesia na India. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga, kilichoanzishwa Ufilipino mwaka 1960, kilijaribu aina zaidi ya 6,000 za mpunga. Iliyoushinda ugonjwa vizuri ilikuwa moja tu. Nayo haikuwa ya shambani, ilikuwa mpunga mwitu wa India. Kutokana nao ilipatikana mbegu iitwayo IR36, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1976. Je, mpunga ule ungekuwa umelimwa na kuchomwa wote, wangeupata wapi?

Na huyu binamu wa Afrika je? Mpunga mwitu wa Mali uliwapa wataalamu kinga ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Tena huko China, wataalamu waliuchanganya mpunga wa kulimwa na mpunga mwitu wa aina hii kutoka Nigeria. Mwaka 2018 walitoa mbegu inayoitwa PR23. Mbegu hiyo ikipandwa mara moja, inachipua tena baada ya mavuno, na huvunwa miaka kadhaa bila kupandwa upya. Nguvu hiyo ya kuchipua ndiyo ile ile inayotuchosha wakati wa palizi!

3. Unachanganywaje?

Ni kama mfugaji anayetafuta dume zuri. Mtaalamu anachukua chavua ya mpunga mwitu, anaiweka kwenye ua la mpunga wa kulimwa. Watoto wanaozaliwa wanafanana sana na wa mwituni. Basi anawarudisha tena na tena kwa mpunga wa kulimwa, akibakiza wale tu wenye sifa anayoitaka. Kazi hii inachukua miaka mingi. Ugonjwa ukishaingia, hakuna nafasi ya kuanza kutafuta.

4. Si mbegu zimewekwa ghalani?

Kweli, maghala yapo. Hapa nchini kituo cha taifa cha kuhifadhi mbegu za asili kiko Arusha. Lakini ghala peke yake halitoshi. Mpunga mwitu huu hauzai punje nyingi, unaenea zaidi kwa mashina yake ya chini. Tena mbegu iliyolala kwenye baridi haibadiliki. Ile iliyoko bondeni inaendelea kupambana na ukame, mafuriko na wadudu wa leo.

5. Tufanye nini?

(a) Shambani tuung'oe pamoja na mashina yake. Tusiyatupe mferejini, maana maji yatayapeleka kwa jirani.

(b) Tusiuache karibu na shamba. Unaweza kuficha kimyanga, ule ugonjwa unaogeuza majani ya mpunga kuwa ya njano.

(c) Tutenge sehemu ya bonde iliyo mbali na mashamba, isilimwe wala isipigwe dawa ya magugu. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuiingiza sehemu hiyo katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji.

(d) Wafugaji washirikishwe tangu mwanzo. Ng'ombe wanaweza kulisha hapo kwa zamu, ili majani yapate muda wa kuota tena.

(e) Bwana shamba aonyeshwe mahali hapo, ili watafiti wakihitaji wajue pa kwenda.

Akiba haiozi. Bonde likilimwa lote, tutaongeza magunia ya mwaka mmoja, lakini ugonjwa mpya ukija hatutakuwa na pa kukimbilia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mpunga mwitu unatakiwa kung'olewa shambani?
2. IR36 ilipata wapi kinga yake?
3. Kwa nini ghala la mbegu peke yake halitoshi?
4. Kijijini kwenu mpunga mwitu unaota wapi? Nani anatumia eneo hilo, na mtakubaliana naye vipi?