Leseni ya Kuvua Trauti Enzi za Ukoloni: Funzo kwa Walinzi wa Vijito vya Leo

Katika mikutano ya vijiji, kila inapotajwa sheria ya uvuvi, hakosi mzee au kijana wa kuuliza: "Samaki kaumbwa na Mungu, maji yanatoka mlimani yenyewe, leseni ni ya nini?" Swali hilo si la utani. Mkazi wa Mponde ambaye tangu utotoni amezoea kijito kinachopita chini ya shamba la chai haoni kwa urahisi sababu ya kuomba kibali cha kutia ndoana humo. Jibu lake lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ni habari ya samaki mgeni aitwaye trauti, aliyeletwa Afrika Mashariki na walowezi wa Kizungu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Makala hii inaeleza jinsi samaki huyo alivyoletwa, masharti yaliyowekwa ili kumlinda, nani alinufaika nayo, na kwa nini habari hiyo inamhusu mwananchi wa Usambara wa leo.

Samaki mgeni katika maji ya baridi

Trauti ni samaki wa maji baridi. Huhitaji mto wenye maji safi yanayokwenda kasi, yenye hewa ya kutosha, na ambayo joto lake halizidi sana nyuzi 20 za sentigredi. Jike huchimba shimo dogo katika changarawe za mto, hutaga mayai humo, kisha huyafukia. Tope likishuka kutoka mashambani na kuziba changarawe hizo, mayai hukosa hewa na kufa. Kwa sababu hiyo samaki huyu hawezi kuishi katika mito ya pwani wala ya nyika. Makao yake ni milimani tu.

Walowezi wa Kiingereza waliofika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 waliikuta mito ya namna hiyo katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, huko Scotland, nao wakapandikizwa katika mto Gura, ambao maji yake hatimaye huingia mto Tana. Mwaka 1910 waliletwa trauti wa aina nyingine, wenye mstari wa rangi ubavuni, kutoka Afrika Kusini. Baadaye walisambazwa katika mito mingi ya milimani. Huku Tanganyika, vijito vya Kilimanjaro navyo vilipandikizwa samaki hao.

Jambo la kuzingatia ni kusudi lake. Trauti hakuletwa ili wananchi wapate kitoweo. Aliletwa kwa ajili ya mchezo. Kwa Mwingereza wa siku zile, kusimama kando ya mto na kumvua trauti kwa ufito ilikuwa burudani ya heshima, na walowezi walitaka kuishi ugenini kama walivyoishi kwao.

Masharti yaliyowekwa

Baada ya samaki kupandikizwa, zilifuata sheria za kumlinda. Nchini Kenya kazi hiyo ilikuwa chini ya idara ya wanyamapori, ambayo ilikuwa na ofisa maalumu wa samaki. Mmojawapo wa walioshika wadhifa huo ni Hugh Copley, ambaye pia aliandika vitabu kuhusu samaki wa Afrika. Msingi wa sheria hizo ulikuwa ni mambo manne.

Kwanza, mvuvi alipaswa kuwa na leseni aliyoilipia. Pili, chombo cha kuvulia kilikuwa kimoja tu: ufito wenye mshipi, na ndoana iliyofungwa manyoya au nyuzi hata ikafanana na mdudu arukaye juu ya maji. Nyavu, migono na sumu za mimea vilikatazwa. Tatu, samaki mdogo ambaye hajafikia kipimo alirudishwa majini akiwa hai. Nne, mvuvi aliwekewa idadi ya samaki ambayo hakuruhusiwa kuizidi kwa siku.

Kila sharti lilikuwa na maana yake. Ndoana ya namna ile humshika samaki mdomoni, hivyo anaweza kurudishwa mtoni bila kufa. Kipimo cha chini humpa samaki nafasi ya kuzaa walau mara moja kabla ya kuvuliwa. Idadi ya siku humzuia mtu mmoja kumaliza kilicho cha wengi. Sumu ilikatazwa kwa kuwa haichagui: huua mkubwa, mdogo na mayai kwa pamoja. Haya ni maarifa ya kweli, na hata mtaalamu wa uvuvi wa leo hawezi kuyapinga.

Matokeo yake yanaonekana. Zaidi ya karne moja imepita, na trauti wangali wakiishi katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya trauti kilichoanzishwa Kiganjo mwaka 1948 kilisaidia kuiongezea mito hiyo samaki. Kwa upande wa samaki, sheria ilifanya kazi iliyokusudiwa.

Nani alilindwa, na nani alifungiwa nje?

Hata hivyo, sheria hupimwa kwa mizani zaidi ya moja. Sheria ya trauti haikuhitaji kumtaja mwenyeji kwa jina ili kumweka kando. Masharti yenyewe yalitosha. Ufito na ndoana za manyoya vilikuwa vifaa vya kuagizwa kutoka ng'ambo. Leseni ilikuwa ya fedha, wakati ambapo fedha kidogo aliyoipata kibarua iliishia katika kodi. Na sehemu kubwa ya mito yenyewe ilipita katika mashamba ya walowezi au ndani ya misitu iliyohifadhiwa, ambako mwenyeji hakuweza kuingia apendavyo. Mtu aliyetega mgono katika mto wa babu zake sasa alihesabiwa kuwa mhalifu, na aliyevua kwa burudani akahesabiwa kuwa mhifadhi.

Ni kweli kwamba si jamii zote za milimani zilizokula samaki. Wakikuyu wengi wa zamani hawakuwa na desturi hiyo. Lakini hilo halibadilishi jambo la msingi: uamuzi kuhusu mto ulifanywa bila kumshirikisha anayeishi kando ya mto.

Kasoro ya pili ni kwamba sheria ilimlinda mgeni na kumsahau mwenyeji hata miongoni mwa viumbe wa majini. Trauti ni samaki mlaji. Hula wadudu wa majini, viluwiluwi na samaki wadogo. Viumbe wa asili wa vijito vile, ambao hawakuwa na thamani katika mchezo wa walowezi, hawakuwekewa ulinzi kama ule. Leseni ililinda kile tu ambacho mtunga sheria alikithamini.

Usambara nako

Wazee wa Usambara hawahitaji kufundishwa maana ya sheria inayoshuka kutoka juu. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani ilitunga kanuni za kulinda misitu ya koloni lake, na mwananchi akaanza kukutana na mipaka mahali alipokuwa akikata kuni na kuchunga. Baadaye, chini ya Waingereza, ukaanzishwa mwaka 1946 mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta na kuacha kulima au kuchunga katika miteremko mikali.

Lengo la kuzuia mmomonyoko lilikuwa jema. Udongo wa milima hii kweli ulikuwa ukishuka mabondeni. Lakini matuta yalidai kazi nyingi, yaliwaelemea hasa wenye mashamba madogo, na waliovunja amri waliadhibiwa. Wananchi waliupinga mpango huo, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha serikali ililazimika kuuacha.

Habari ya trauti na habari ya matuta, ingawa ni za mahali tofauti, zinafundisha jambo moja. Kanuni inaweza kuwa sahihi kwa upande wa maarifa na bado ikaanguka, ikiwa wanaotakiwa kuitii hawakushirikishwa katika kuitunga na hawaoni faida yake. Lakini kuna upande wa pili wa funzo hilo, ambao husahaulika: kuanguka kwa amri hakukuuzuia udongo kuendelea kushuka. Mmomonyoko haujali nani aliyetunga sheria.

Sheria ya leo ni ya nani?

Baada ya uhuru, Tanzania ilitunga Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Sheria ya sasa haikutungwa kwa ajili ya mchezo wa wachache. Inahusu rasilimali ya taifa zima, na inaeleza masuala ya leseni, vyombo vinavyoruhusiwa, na makatazo. Kuvua kwa sumu au kwa baruti ni kosa la jinai. Katazo hilo linauhusu hata utupa, mmea ambao majani yake yametumika tangu zamani kulewesha samaki. Sumu ya utupa humzuia samaki kutumia hewa iliyomo majini, na huua vifaranga pamoja na wadudu ambao samaki waliobaki wangewategemea kwa chakula.

Hatari ni kubwa zaidi pale mtu anapomwaga kijitoni dawa ya kuulia wadudu wa mboga ili apate samaki, au anaposafishia humo bomba la kupulizia dawa. Maji ya kijito hayaishii kwa aliyeyachafua. Yanayotoka katika milima hii hushuka kuelekea mto Pangani kwa upande mmoja na mto Umba kwa upande mwingine. Kabla ya kufika huko, kuna mama anayechota ndoo ya kupikia, mwanafunzi anayekunywa kwa kiganja, na ng'ombe wa jirani. Samaki wawili waliopatikana kwa sumu asubuhi wanaweza kuwa ugonjwa wa nyumba nzima jioni.

Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu za kibinadamu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Kipimo hicho kinasaidia kuzuia tope lisiingie majini.

Funzo la samaki mgeni nalo halijapitwa na wakati. Ufugaji wa samaki katika mabwawa ni shughuli nzuri inayoongeza lishe na kipato. Lakini vifaranga vinavyotoka mbali havipaswi kuachwa vitoroke kuingia vijitoni, kwa kuwa samaki mgeni akishaingia mtoni hakuna wa kumrudisha. Mwenye nia ya kuchimba bwawa, au ya kuleta vifaranga kutoka nje ya wilaya, anashauriwa amwone kwanza Afisa Uvuvi wa Halmashauri apate maelekezo kuhusu mbegu, njia za maji na vibali.

Sauti ya mwananchi

Tofauti kubwa kati ya leseni ya mkoloni na kanuni ya leo imo katika mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikiwa ni pamoja na za kulinda vyanzo vya maji, baada ya wananchi kutoa maoni yao. Nazo huanza kutumika zikiidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mwenye kuona kwamba kanuni fulani inamwonea mnyonge ana mahali pa kusema, na mwenye kuona kijito kinatiwa sumu ana mahali pa kutoa taarifa.

Kwa hiyo lile swali la mkutanoni, "leseni ni ya nini?", ni swali halali na linastahili kujibiwa bila hasira. Leseni ya trauti ililinda samaki kwa ajili ya mwenye leseni. Kanuni ya leo haina budi kulinda maji kwa ajili ya kila anayeyatumia, na itakuwa hivyo tu iwapo wanaoyatumia watafika mkutanoni, wataisoma na kuijadili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asipokuwepo kikao kinapokaa, mgeni humwamulia.

Maswali ya kujadili katika vitongoji na shule

1. Ni masharti gani ya leseni ya trauti yaliyokuwa na faida kwa mto, na ni yapi yaliyomfungia nje mwenyeji?
2. Kwa nini mpango wa matuta ulikataliwa ingawa lengo lake lilikuwa jema?
3. Katika kitongoji chako, kijito kinaanzia wapi, na nani anakunywa maji yake baada yako?
4. Je, kijiji chako kina sheria ndogo ya kulinda vyanzo vya maji? Kama ipo, nani anaweza kuisoma mbele ya mkutano ujao? Kama haipo, nani ataipendekeza?