Maji Matamu ya Kisiwani: Yalindwe na Yapimwe

Watu wengi hudhani kwamba maji yakiwa meupe, hayana harufu na ni matamu mdomoni, basi ni salama. Dhana hiyo imewaua wengi. Macho na ulimi huweza kutambua matope na chumvi, lakini haviwezi kutambua vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Kwa hiyo kila kijiji chenye kisima au mradi mdogo wa maji yafaa kiwe na desturi ya kuyapima maji yake na kuandika matokeo.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Funzi, kisiwa kilichoko kusini ya Msambweni katika Kaunti ya Kwale, karibu na mahali Mto Ramisi unapoingia baharini. Pande zote ni mikoko na maji ya chumvi. Maji matamu ya visima katika kisiwa cha namna hii hutokana na mvua. Mvua huzama ardhini, na kwa kuwa maji yake ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini.

Wataalamu Badon Ghyben na Herzberg walieleza hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita. Maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yaweza kushuka kiasi cha mita 40. Basi yakitekwa kwa pupa hata yakapungua nusu mita kule juu, chumvi huelekea kupanda mita 20 kutoka chini. Hivyo pampu yenye nguvu nyingi si baraka siku zote. Ni afadhali kuteka kidogo kidogo katika visima kadhaa kuliko kukikausha kimoja.

Hatari ya pili ni uchafu. Mawe ya matumbawe yana nyufa na matundu, na maji ya choo cha shimo huweza kupita humo upesi bila kuchujwa na udongo. Mfano mashuhuri ulitokea London mwaka 1854. Katika mtaa wa Broad Street palikuwa na pampu ambayo maji yake yalisifiwa kwa utamu. Bibi mmjane aliyekuwa amehama mtaa huo aliyapenda hata akawa anachukuliwa chupa yake mpaka nyumbani kwake mbali. Akaugua kipindupindu, akafa. Watu zaidi ya 600 walikufa katika mlipuko huo. Daktari John Snow alichunguza nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwamba maradhi yalitoka katika pampu hiyo, na mkono wa pampu ukaondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa karibu mno na kisima.

Sheria nayo imesema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kanuni ya maji ya kunywa ni kwamba katika mililita 100 kisionekane hata kijidudu kimoja cha E. koli, kijidudu kikaacho matumboni mwa watu na wanyama. Kikionekana, ni dalili kwamba kinyesi kimeingia majini.

Basi kamati ya maji ya kijiji yapasa ifanye haya:

1. Kisima kijengewe ukuta na sakafu ya saruji, kifunikwe, na maji yanayomwagika yawe na mfereji wa kuyapeleka mbali.

2. Vyoo na mazizi yawe mbali, mita 30 au zaidi. Na penye matumbawe, nafasi izidishwe.

3. Maji yapimwe mara kwa mara, hasa baada ya mvua za masika, na kila mara kisima au pampu inapofunguliwa kwa matengenezo. Afisa wa Afya ya Umma aombwe msaada.

4. Klorini ikitumika, ipimwe mahali pa kutekea; isipungue miligramu 0.2 katika lita 1.

5. Kuwe na daftari moja la tarehe, matokeo, matengenezo na fedha, na kila mtekaji aruhusiwe kulisoma.

Watu wa Kwale si wageni wa kazi hii. Katika miaka ya 1980 shirika la KWAHO lilishiriki katika mradi wa pampu za mkono Pwani ya Kusini, na wanawake wa vijijini wakafunzwa kuzitunza. Pampu ya Afridev iliundwa miaka hiyo kwa shabaha kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadili vifaa vyake.

Lakini mtihani mkubwa wa kamati huja siku matokeo yanapokuwa mabaya. Hapo wengine hutaka kunyamaza, wakiogopa kwamba watu watagoma kulipa ada au watailaumu kamati. Kunyamaza huko ni kumpa mtoto wa jirani kikombe cha maradhi huku ukijua. Habari itangazwe siku ile ile, watu waambiwe wachemshe maji, kasoro itafutwe na kuondolewa, kisha maji yapimwe tena.

Nyumbani pia kuna kazi. Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa dakika 30. Mtungi ufunikwe, na maji yatekwe kwa kata yenye mkono mrefu, si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mtu. Ikumbukwe kwamba kuchemsha na klorini haviondoi chumvi. Dawa ya chumvi ni kuteka kwa kiasi na kuvuna maji ya mvua.

Wahenga walinena kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Daftari la maji ndilo lionyeshalo ufa ungali mdogo.