Kurekodi Gitaa Kavu Nyumbani

Babu yangu hupiga gitaa kavu kwa mtindo wa omutibo, ule aliovuma nao marehemu George Mukabi. Siku hizi baridi yabisi imemshika vidole, kwa hivyo likizo ya Agosti nilimrekodi kwa simu ya mama. Mara ya kwanza niliharibu. Niliweka simu karibu mno na tundu la gitaa, sauti ikakwaruza, na sauti iliyokwaruza ni vigumu kuitengeneza. Babu akasema, "Mjukuu wangu, haya, tuanze tena."

Kwanza, tulihamia chumba cha kulala, kwani godoro, blanketi na nguo humeza mwangwi. Simu tuliizima mtandao isije ikalia.

Pili, niliiweka kama sentimita 30 mbele ya pale shingo ya gitaa inapoungana na tumbo. Babu hawezi kuimba bila kupiga. Basi maneno yakimezwa na gitaa, nilisogeza simu juu kidogo, karibu na mdomo.

Tatu, chupa ya soda inayokwaruzwa niliirekodi baadaye, nikimsikiliza Babu kwa visikizi.

Mwisho, nilichanganya kwa Audacity, programu ya bure ya kompyuta. Nilipunguza chupa mpaka ikasikika kwa mbali, nikapunguza na mvumo wa chini. Kisha nilisikiliza kwa spika ndogo: maneno yote yalisikika!

Wenzangu, mwenye mzee anayeimba nyumbani asingoje. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.