Majumba ya Sinema ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: Kiwambo Kimoja na Lugha ya Hadhira

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar umeelemea zaidi kwenye majumba ya kifalme, misikiti na milango ya nakshi. Majumba ya sinema hutajwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jumba la kiwambo kimoja lilikuwa asasi ya lugha, na kwamba kuhifadhi jengo pasipo kuhifadhi usemi wa hadhira yake ni kuhifadhi ganda na kuacha kiini.

2.0 Majumba na Utaratibu Wake

Jumba la Royal, lililosanifiwa na J. H. Sinclair, lilifunguliwa mwaka 1921. Baada ya kuungua, lilijengwa upya katikati ya miaka ya 1950, likaitwa Majestic. Katika muongo huo mji ulikuwa pia na Empire na Sultana. Kila jumba lilikuwa na kiwambo kimoja. Hivyo waliohudhuria onyesho moja, wa matabaka na asili mbalimbali, walitazama picha ileile. Aidha, yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao.

Rili ya futi 2,000 ya ukanda wa milimita 35 huchukua takriban dakika 22. Kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa na rili nane au zaidi. Nakala moja iliweza kuhudumia majumba mawili jioni moja, kwani rili iliyokwisha kuonyeshwa ilipelekwa kwa baiskeli hadi jumba la pili. Kwa namna hii mji ulishiriki kisa kimoja, na kesho yake mazungumzo mamoja.

3.0 Athari za Kilugha

Picha kama Awaara (1951) na Mother India (1957) zilipendwa na watu wengi wasiojua Kihindi. Kisa kilifasiriwa kwa Kiswahili na watazamaji wenyewe, wakati wa onyesho na baada yake. Nyimbo zake nazo zilichangia mahadhi ya taarab.

Mfano bora wa kimsamiati ni neno stelingi. Asili yake ni neno la Kiingereza lililotangulia jina la mwigizaji mkuu katika maandishi ya mwanzo wa picha. Katika Kiswahili limekuwa nomino yenye maana ya shujaa wa kisa, nayo huchukua upatanisho wa viumbe hai: stelingi amekuja. Wingi wake husikika kuwa mastelingi. Vilevile, neno picha limepanuka likabeba maana ya filamu nzima, na sinema hutaja onyesho na jumba pia.

4.0 Kudorora

Televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miongo miwili kabla ya Tanzania Bara kupata televisheni mwaka 1994. Kanda za video zilifuata katika miaka ya 1980. Utazamaji ukahamia sebuleni, na hadhira moja ikagawanyika. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limerejesha utazamaji wa pamoja, lakini kwa siku chache tu za mwaka.

5.0 Hitimisho

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hata hivyo, kuta zaweza kukarabatiwa wakati wowote fedha zikipatikana. Watazamaji wa miaka ya 1950 hawasubiri. Idara za Kiswahili hazina budi kurekodi masimulizi yao sasa, yakiwemo maneno ambayo kamusi hazijayanakili.