Dondoo muhimu: Vua viatu, na soksi pia

Ukishuka mtumbwini kwenye hekalu la Phaung Daw Oo, katika Ziwa Inle nchini Myanmar, vua viatu na soksi, na funika mabega na magoti. Utasema mgeni asiye Mbudha hafungwi na masharti hayo. Lakini hapa si makumbusho: sanamu 5 zilizomo zimebandikwa vipande vyembamba vya dhahabu mara nyingi mno hata zikapoteza umbo, zikabaki kama madonge. Aingiaye amekuta ibada ikiendelea. Kwamba wanaume pekee ndio hubandika dhahabu, waweza kutolikubali. Ila kizingitini si mahali pa kubishana. Ukiketi, kunja miguu, nyayo zisizielekee sanamu. Kuheshimu ibada si kuabudu.